Matete ya Bi Kangaruu

Paukwa!

Pakawa!

Mmh, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale hiyo, huko Australia, palikuwa na kijito. Kando ya kijito palikuwa na njia, na kando ya njia mimea ya asili ya huko. Mikaratusi ikitoa kivuli. Mivinje ikivuma, vuuu! Na chini kabisa, ukingoni, matete.

Bi Kangaruu alipita hapo kila asubuhi, mwanawe mfukoni. Tu! Tu! Tu! Na kila asubuhi matete yalimkwaruza miguu.

"Mkaratusi una kivuli, mvinje una wimbo," akafoka. "Ninyi mna nini? Makali tu!"

Kenge, jirani yake, alikuwa anaota jua.

"Jirani, yaache. Hapa ni kwao."

"Basi yanipishe!"

Akainama. Chomo! Akang'oa. Siku ya pili, chomo! chomo! Likabaki fungu moja hapo njiani, na jingine kule chini kwenye kona.

Siku ya tatu kijito kilifurika. Hakujali. Akainama, kichwa chini, mkia juu. Jamani, kangaruu akiinama hivyo, mfuko unatazama wapi?

Chini!

Chomo! Matete yakatoka. Chomo! Mtoto naye akatoka. Chubwi!

"Mwanangu! Mwanangu jamani!"

Maji yakamchukua. Mtoto akashika ukingo: tope tupu. Akashika tena: tope tupu. Kote huko mama yake alikwisha kung'oa. Mpaka kwenye kona. Hapo akalikumbatia lile fungu la mwisho. Majani yakamkata viganja, asiachie. Kenge akaogelea, akamsukuma hadi nchi kavu.

Bi Kangaruu akalia sana. Akalamba viganja vya mwanawe, kisha akayageukia matete.

"Asanteni. Nimewatukana, nimewang'oa, nanyi mmenishikia mwanangu."

Akayarudisha yote kwenye tope, moja moja, Kenge akichimba mashimo. Yakashika. Tangu siku hiyo, akifika ukingoni haruki. Anatembea polepole, anasema, "Hodi, wenyeji." Yakimkwaruza, anasema, "Asanteni."

Watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, funzo ni hili: kabla hujang'oa kitu, uliza kwanza kinashikilia nini. Na ukisaidiwa, shukuru.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni. Anayepita, apige hodi.