Ufunguo wa Karakana ya Mzee Ntandu

Ilikuwa Jumatatu, tarehe nne Novemba, saa nane mchana, jua la Kondoa likichoma. Mzee Ntandu, fundi mkuu wa majengo, aliketi ndani ya wodi mpya ya wazazi, akapapasa ukuta.

"Zuhura," alimwambia mkewe, "hapa hapana feni, na sitoki jasho. Alhamdulillahi. Nikiondoka, karakana yangu apewe mwanafunzi aliyeipoza wodi hii. Apewe mmoja. Ikigawanywa, mashine zitauzwa."

Kabla ya alasiri, Mola wake alikuwa ameshamwita.

Wanafunzi wake walikuwa watatu. Shemdoe alijua upepo, Mwashabani alijua udongo, Kibwana alijua kuezeka.

Wodi ilipoanza kujengwa, kamati ya ujenzi ilitaka itazame barabara kama majengo mengine, ingawa jua la jioni lingeingia madirishani. Shemdoe alifunga kitambaa kwenye mti, akakiangalia wiki nzima, kisha akang'oa vigingi na kuigeuza ramani.

"Unaipa barabara mgongo!" walilalamika.

"Anayejifungua haangalii magari," akajibu.

Mwashabani alizunguka vilimani akionja udongo kwa ulimi, watu wakimcheka kuwa ana mimba. Alioutaka alipoupata, akautia saruji kidogo, akaushindilia kwa mashine ya mkono. Matofali yake hayakuchomwa, wala mti haukukatwa kuwa kuni. Kuta zikawa nene, joto likashindwa kupenya.

Kibwana alikuta bati limeshanunuliwa. Akaliinua juu, chini yake akatandaza dari la matete, katikati akaacha nafasi joto litokee.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, Bi Zuhura aliwaita. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake.

"Mama, bila upepo wangu, kuta za huyu ni tanuri," alisema Shemdoe.

"Na bila kuta zangu, kaka, upepo wako ungepuliza nini? Vumbi?" akajibu Mwashabani.

Kibwana akacheka. "Bishaneni tu. Bila dari langu bati lingewakaanga nyote."

Bi Zuhura naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alimshukuru Mungu kwa hawa watatu, na hapo ndipo mkono ulipozidi kuwa mzito. Atakayepata ufunguo atabaki; wawili watafunga mizigo na kutafuta kazi mbali.

Enyi mnaosikiliza, mngekuwa nyinyi Bi Zuhura, mngemkabidhi nani? Fikirini polepole. Na mkiwa mnafikiri, mwombeeni mzee: Ee Mola, mrehemu Ntandu, lipanue kaburi lake, ulitie nuru. Amina.