Kisu cha Mkono wa Bosi Ngwali

Sogeeni, wenye meno ya kuchekea. Tunu, mwenye digrii yake na meza ya visu sokoni, alivamiwa Ijumaa moja na Bosi Ngwali, mwenye soko, kanzu mpya nyeupe pe, viganja kama sepetu. Juzi yake tu alikuwa amelitia kufuli bomba letu la maji.

"Wewe graduate! Nataka kisu cha kukunja, kigumu, kinienee mkononi. Nikikivunja kwa mikono hii, unahama hapa leo leo!"

"Na ukishindwa, bosi?"

"Kaa mpaka uzeeke!"

Watu wakajaa. Tunu akamwekea kwanza sinia la mkia wa kondoo wa kuchoma. "Karibu. Huwezi kuvunja vitu on an empty stomach."

Ngwali akala, mafuta yakamfika viwikoni. Ndipo Tunu akampa kisu kikubwa, kimekunjwa. Kilimjaa kiganja sawasawa.

"Haya, kikunjue ukivunje."

Ngwali akavuta, vidole vikateleza. Akavuta tena, kisu kikamruka kama samaki. Akaitazama mikono, akaitazama kanzu.

"Leteni maji ninawe!"

"Maji?" Tunu akasema. "Ufunguo wa bomba si unao wewe, bosi? Uko mfukoni mwa kanzu."