Taa Iliyovishwa Blanketi

Sogezeni vigoda karibu na jiko, na aliye karibu na mlango aufunge, maana hadithi hii ni ya baridi. Kazi yangu ni kusimulia, kazi yenu ni kuamua. Ila msikimbilie kuamua kabla sijamaliza. Nawajua.

Palikuwa na mji uitwao Ukunguni, huko nyanda za juu, ambako mwezi wa Julai watu huamka wakakuta majani ya viazi yameungua kwa baridi. Katika mtaa wake mmoja, mtaa wa Mabatini, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Sekela alikuwa fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa mkasi. Hakuchora kwa chaki wala hakupima kwa futi. Ukimwambia akukatie ua, alikata ua. Ukimwambia akukatie kuku aliyekasirika, alikata kuku, na hasira ya kuku uliiona.

Gwamaka alikuwa fundi umeme, na kipaji chake kilikuwa kufufua. Redio iliyokatiwa tamaa, pasi iliyoungua, taa iliyotupwa jalalani, vyote alivibembeleza kwa sauti ya chini, "Haya mama, amka, amka tu kidogo," na vyote viliamka.

Tusajigwe aliuza mahindi ya kuchoma stendi, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Niseme nini zaidi? Aliwahi kumwuzia mahindi muuza mahindi mwenzake.

Sasa, mji huo ulikuwa na sikukuu yake katikati ya kipupwe, Sikukuu ya Taa. Kila mtaa ulitengeneza taa moja kubwa na kuileta kwenye uwanja wa soko: mtaa huu taa ya samaki, mtaa ule taa ya treni, mwingine taa ya ng'ombe mwenye kengele. Watu walikuja wamejifunga mablanketi hadi puani, watoto wamebebwa mabegani, chai ya tangawizi ikifuka moshi kila kona. Jua likizama, Bibi Subilaga, mtunza sikukuu, aliwasha kibatari kidogo na kukishika mkononi. Kabla kibatari hakijazimika, mji ulichagua taa iliyowashika mioyo watu wote. Na aliyeifanya taa hiyo iwake alipewa zawadi moja, ambayo ndiyo iliyowafanya watu wakeshe wakikata, wakibandika na kufunga nyaya.

Zawadi yenyewe ilikuwa jina. Mshindi alitaja jina la mtu wake mmoja aliyeondoka asirudi tena, na mji mzima ukalitamka pamoja, mara moja, kwa pumzi moja. Hapakuwa na hotuba wala wimbo. Waliowahi kulisikia jina la mtu wao likitoka vifuani mwa mji mzima walisema waliendelea kulisikia njia nzima hadi nyumbani.

Najua kuna mtu hapo anataka kusema, "Si wataje hata matatu?" Walishajaribu, zamani, majina mawili tu. Nusu ya uwanja wakasema hili, nusu wakasema lile, ikatoka kelele kama ya mnada wa mitumba. Wahusika walirudi nyumbani wakilia, na tangu siku hiyo ni jina moja.

Tena kulikuwa na shida ya ukungu. Ukishuka siku ya sikukuu, taa zote zilimezwa, mji haukuchagua, na mwaka huo uliitwa mwaka bubu. Miaka ya karibuni ilikuwa bubu yote, mfululizo.

Sekela aliihesabu miaka hiyo moyoni. Binti yake, Lugano, alikuwa amefariki kwa homa, akiwa bado hajang'oka meno ya mbele. Watu walimpenda Sekela, ndiyo maana waliogopa kumwumiza. Zamani mtaa mzima ulimwita Mama Lugano. Baada ya mazishi wakaanza kumwita Fundi, au dada, au "wewe mwenzangu". Hakuna aliyelitaja tena jina la mtoto. Walidhani wanamwonea huruma, na yeye aliumia kila walipomwita Fundi. Alitaka jambo moja tu duniani: alisikie jina la mwanawe likisemwa kwa sauti, na watu wengi, bila woga.

Basi mwaka huo alikata ndege. Lugano alikuwa akisumbua sana kuuliza mbayuwayu huenda wapi baridi ikija, na Sekela hakuwa na jibu. Alikata mbayuwayu mmoja, akakata mwingine, akakata kundi zima, wengine wakipinda, wengine wakipiga mbizi, hadi vidole vikamvimba. Lakini alifanya kosa, kosa ambalo mtu wa Ukunguni peke yake angeweza kulifanya. Huko hakuna kinachoachwa nje bila kuvishwa. Mbuzi huvishwa gunia, miche ya parachichi hufunikwa, hata mabomba ya maji hufungwa matambara. Sekela, fundi wa makoti, aliivisha taa ya Mabatini blanketi zito jeusi, lile lile alilokuwa amewakata ndege wake kama matundu.

Ilipoinuliwa uwanjani, watu walicheka mpaka wakakohoa.

"Jamani Mabatini, mmeogopa itapata mafua?"

"Mnywesheni na uji!"

Blanketi halikupitisha mwanga. Taa za wenzao ziling'aa samaki mzima na treni nzima, yao ilikuwa giza lenye matundu. Sekela alijificha nyuma ya nguzo iliyoibeba taa yao, mtandio umemfunika uso.

Hapo ndipo ukungu uliposhuka. Ulitoka mlimani, ukapita juu ya mabati, ukajaa uwanja mzima. Samaki akapotea. Treni ikapotea. Aliyenyoosha mkono hakukiona kiganja chake. Watu walinung'unika, wakaanza kuwatafuta watoto wao warudi nyumbani. Bibi Subilaga alibaki amesimama na kibatari chake, macho yameinama.

Ndipo hao watatu, wakiwa chini ya taa yao iliyochekwa, waliona kitu kwa pamoja. Mwanga uliotoka kwenye tundu moja ulikuwa umegonga ukungu, na juu ya ukungu alikuwepo mbayuwayu, mdogo, mweupe, hafifu. Blanketi lilipotikisika kwa upepo, yule ndege alipiga bawa.

"Mungu wangu," alisema Sekela. "Anaruka."

"Mwanga ni mdogo," alisema Gwamaka. Aliondoka mbio kwenda kwenye banda lake. Alirudi akikokota taa ya uwanja wa mpira, ile iliyopasuka na kutupwa, ambayo mafundi wote walishasema ni chuma chakavu. Akaifunga chini ya blanketi, akaelekeza uso wa taa juu, akapiga magoti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. "Haya mama," aliiambia, "najua umechoka. Amka mara moja tu, halafu sitakusumbua tena." Nyaya zilitoa cheche, zikamchoma kiganja, asiziachie. Taa ikaguna, ikafumbua jicho.

Hata hivyo watu hawakuona kitu. Taa za mitaa mingine, za maduka, za barabara, zote zilikuwa zinawaka ndani ya ukungu, na ukungu wote ulikuwa mweupe kama maziwa. Ndege mweupe ndani ya maziwa, nani atamwona?

"Niachieni mimi," alisema Tusajigwe.

Fikirieni alichokwenda kuomba. Sikukuu ya Taa, naye anawaomba watu wazime taa! Alianza na wale wa samaki. "Kaka zangu, hebu nielezeni, samaki wenu mnamwona? Hata nyinyi hammwoni. Sasa mnamwashia nani, kunguni? Zimeni, mtanishukuru." Akaenda kwa wa treni, kwa wa ng'ombe, kwa wenye maduka. Wengine aliwachekesha, wengine aliwapigia magoti kwenye matope. Mzee aliyelinda swichi ya taa za barabarani alikataa katakata, akisema hajaizima tangu aajiriwe. Tusajigwe alimshika mkono akamwambia neno sikioni, na mzee akafuta macho, akaishusha swichi.

Mji ukawa giza.

Kisha, ndugu zangu, mbingu ilijaa ndege. Sijui niseme vipi. Mbayuwayu wakubwa kuliko nyumba, wa mwanga mtupu, walijaa juu ya uwanja kutoka mlima hadi mlima. Upepo ulilitikisa blanketi, na kundi lote likageuka kwa pamoja, likashuka, likapanda tena. Waliokuwa wamefika mbali barabarani walisimama. Wazee walivua kofia. Mtoto mmoja mabegani mwa baba yake alinyoosha mkono ili amguse mmoja. Sekela alitazama juu huku machozi yakimwingia masikioni. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu la kumpa mwanawe: wanakuja hapa.

Ukungu ulioua taa zao miaka yote ndio uliokuwa umewabeba ndege. Mji ulichagua bila kupiga kura.

Bibi Subilaga alifika mbele yao, mkono ukikinga kibatari. Mafuta yalikuwa karibu kwisha.

"Wanangu," alisema, "nani aliyeifanya taa hii iwake? Ataje jina la mtu wake."

Sekela alifungua mdomo, na wawili wale nao walifungua. Wote wakaangaliana.

"Bila ndege zangu mngewasha nini?" Sekela aliuliza taratibu. "Ni mwanangu, jamani. Lugano. Hakuna anayemtaja."

"Bila mwanga ndege zako ni matundu, dada," alisema Gwamaka, akikificha kiganja kilichoungua. "Mimi namtaja Fundi Ambakisye. Ndiye aliyenilea na kunifundisha. Alianguka kutoka kwenye nguzo akiwashia mji huu, na mji ukasema alikuwa mlevi. Hakuwahi kunywa hata tone. Nataka mji uliomchafua ulitamke jina lake kwa heshima."

Tusajigwe alijifuta matope magotini. "Bila giza, nani angeona?" alisema. "Ni baba. Anangisye. Alikwenda migodini nikiwa tumboni, hakurudi. Hatuna kaburi, hatuna matanga, mama anampakulia mpaka leo. Yule mzee wa swichi nilimwambia hivyo: nisaidie nimzike baba yangu. Hilo jina likisemwa, ndiyo maziko yake."

Sekela alikuwa amekaa nao mtaa mmoja miaka yote hiyo na hakuwa akijua. Aliliweka jina la Lugano kwenye ulimi, tayari, na akaona kuwa akilitoa, atakuwa amefunga vinywa viwili vilivyosimama mbele yake. Na akilimeza, atarudi nyumbani kuwa Fundi, hadi lini, hajui.

"Wanangu," alisema tena Bibi Subilaga, "kinazimika."

Juu, ndege wanageuka. Chini, watu wa Ukunguni wameshavuta pumzi, vifua vimejaa, wanasubiri waambiwe waseme nini. Ulimi wa kibatari umekuwa mdogo kama punje ya mtama.

Mimi nimefika mwisho wa kazi yangu. Ile pumzi sasa iko vifuani mwenu, na najua hamwezi kuishikilia sana. Aliyekata ndege, aliyeamsha mwanga, aliyeleta giza: je, wewe ungeamua vipi? Ukishaamua usininong'oneze. Litamke jina hilo kwa sauti.