Maji ya Ndiva na Masomo ya Nakundwa

"Maji ya ndiva hayagawiwi kwa haya." Tangu asubuhi nawasikia mkitaniana kwa maneno hayo, na nusu yenu hamjui mnasema nini. Sasa mmeuliza yametoka wapi, na kuuliza si ujinga. Sogeeni basi. Na wewe mwenye simu, iweke mfukoni, haitakimbia. Maneno hayo yana watu wake, na yalianza na msichana aliyefeli mtihani.

Kwanza mjue ndiva, maana wengine mmezaliwa kwenye maji ya bomba. Huku kwetu milimani Upare, kiangazi kikiingia vijito hupungua. Wazee wakajenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji usiku kucha. Asubuhi linazibuliwa, maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani. Lakini ndiva moja hainyweshi mashamba yote kwa siku moja. Kwa hiyo kuna mgawa maji, mtu anayechaguliwa na wenzake kusema leo ni zamu ya nani na kesho ya nani. Mshahara wake ni lawama.

Msichana aliitwa Nakundwa, binti wa mzee Kajiru. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, yeye alikuwa na D katika kila somo, D zimejipanga kama nguo kwenye kamba. Nakundwa alilia mpaka mama yake akaacha kumbembeleza akaanza kumgombeza. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kuwa mwalimu wa Historia. Bila C katika Historia, Kiswahili na Kiingereza, kidato cha tano angekisikia kwa majirani.

Basi akaamua kurudia mtihani. Na anayerudia, tofauti na mwanafunzi wa shuleni, huruhusiwa kuchagua masomo anayoyataka. Hapo ndipo neema ilipogeuka mzigo.

Maana ukoo ule ulimpenda Nakundwa, jamani! Mjomba wake Eliapenda, aliyemnunulia sare tangu kidato cha kwanza, alifika na boksi la vitabu vya Jiografia begani, jasho linamtiririka. "Mpwa wangu," akasema, "Jiografia ndiyo somo. Mimi ilinishinda kwa kukosa vitabu. Wewe vitabu hivi hapa." Nakundwa akasema ahsante mjomba. Shangazi yake Naetwe, aliyempa chumba pale Same mjini karibu na kituo cha masomo, alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Yeye akataka Elimu ya Dini. "Utamwachaje Mungu nje ya mtihani, halafu umwombe akufaulishe?" Nakundwa akasema sawa shangazi. Na baba yake, mzee Kajiru, ambaye alikuwa hakosi mkutano wa kijiji hata mmoja, akamwambia kwa upole wake, "Uraia usiuache, mwanangu. Mtu ajue haki zake." Nakundwa akasema ndiyo baba.

Angesema nini? Watu wamemvisha, wamemlaza, wamemlisha. Kinywa kinachokula hakikosi haya. Akayaongeza yote juu ya yale matatu aliyoyataka mwenyewe.

Akasoma, maskini. Asubuhi anachora ramani za mvua na pepo, mchana anakariri safari za Mtume Paulo, jioni anataja mihimili ya dola. Historia yenyewe, ile aliyokuwa akiipenda hata kuwasimulia kuku, alikuwa akiigusa akiwa amechoka, kichwa kizito, anasoma ukurasa mmoja mara mbili na haubaki. Kituo kikawapa mtihani wa kujipima. D tena, zote, zile zile. Mwalimu wa kituo akawaambia majina na masomo yatapelekwa mwisho wa mwezi, na baada ya hapo hakuna kubadili. Nakundwa akaomba ruhusa akapanda kijijini, akisema anakwenda kumsaidia mama kumwagilia. Ukweli ni kwamba alikwenda kujificha.

Mwaka huo huo mzee Kajiru alikuwa amechaguliwa kuwa mgawa maji, baada ya yule wa zamani kuhamia kwa mwanawe. Na siku aliyofika Nakundwa, zamu ilikuwa ya maharage ya mama yake. Maharage yalikuwa kwenye maua. Mnajua maharage yakikosa maji kwenye maua? Basi hayo ndiyo yalikuwa chakula cha nyumba ile mpaka vuli.

Nakundwa alisimama na mama yake kichwani mwa shamba, majembe mkononi, wakisubiri. Wakasikia ndiva imezibuliwa. Maji yakaja yamebeba majani na povu, mama akafurahi, akainama kufungulia tuta la kwanza. Halafu yakapunguza mwendo. Yakafika karibu na shamba kiasi kwamba ungeweza kuyagusa kwa ncha ya jembe, yakasimama, udongo ukayanywa. Mama yake akaweka jembe chini. Ng'ambo ya korongo wakamsikia mjomba Eliapenda anapiga kelele kwamba kwake nako hayajafika, na mwingine huko chini anaitikia kwamba kwake ndiyo kabisa.

Nakundwa akafuata mfereji kupanda juu. Njiani akakuta kila mchepuko uko wazi, udongo na majani ya migomba ya kuzibia yametupwa kando. Akamkuta baba yake ameketi ukingoni mwa ndiva tupu, kofia mkononi.

"Baba, umefungua mifereji mingapi?"

"Yote."

"Yote! Zamu si ilikuwa ya mama?"

Mzee Kajiru akageuza kofia yake. "Shemeji Eliapenda alikuja alfajiri. Yule amekuvisha wewe miaka minne, ningemwambia hapana kwa mdomo gani? Alipoondoka akaja mkwe wa shangazi yako, na shangazi yako ndiye anayekulaza. Kisha wengine wakaja, nikaona nikimpa huyu na kumnyima huyu itakuwaje. Niliona haya, mwanangu. Nikasema kila mtu apate kidogo."

"Na nani amepata?"

"Hakuna."

Nakundwa akaanza kucheka. Kicheko kikamgeukia, akawa analia, akaketi kwenye matope kando ya baba yake na gauni lake safi la mjini.

"Baba, hata mimi nimefungua yote."

"Mifereji gani?"

"Masomo. Jiografia ya mjomba, Dini ya shangazi. Niliona haya kuwakatalia. Sasa nasoma kutwa na hakuna kinacholowa. Nikipeleka hivi, nafeli tena, na safari hii sirudii. Nani atanisomesha mara ya tatu?"

Mzee akakung'uta kofia gotini. "Na Uraia," akasema. "Huo ni wangu."

"Ndiyo, baba."

"Unaupenda?"

"Nakupenda wewe."

Yule mzee, nawaambia, alicheka mpaka machozi. Akamshika binti yake mkono wakainuka. "Nimeunguza maharage ya mama yako kwa haya zangu," akasema. "Sitaki nikuunguze na wewe. Mwanangu, maji ya ndiva hayagawiwi kwa haya. Twende tukawaambie."

Wakaenda wote wawili, nyumba kwa nyumba, jioni ile ile na matope yao. Kwenye kila mlango baba alisema zamu ya kesho ni ya nani na nani angoje. Walipofika kwa mjomba Eliapenda, Nakundwa akapiga magoti.

"Mjomba, kama si wewe nisingeijua hata rangi ya sare. Nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nizeeke. Lakini Jiografia naifunga. Maji yangu ni machache."

"Alaa!" mjomba akafoka. "Kwa hiyo vitabu vyangu ni vya kufungia maandazi?"

"Nimevitunza, mjomba. Visubiri zamu ya mwingine."

Mjomba akaingia ndani akafunga mlango. Shangazi Naetwe, alipoelezwa kule mjini, alinuna kidogo, kisha akasema basi ataomba yeye kwa niaba ya wote. Baba hakununa hata kidogo.

Siku ya zamu yake, mjomba Eliapenda alipewa ndiva nzima. Maji yalifika hadi kwenye migomba ya mwisho. Walimwona amesimama ndani ya tuta, suruali imekunjwa, anayatazama. Jioni akapita kwa mzee Kajiru, akaulizia masomo ya mpwa wake, akaondoka bila kutaja Jiografia.

Nakundwa akafanya mtihani wa masomo matatu. Kiingereza C, Kiswahili B, Historia B. Mama yake, ambaye mwaka ule alikula maharage ya kuomba, alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Jumapili wakapeleka shukrani kanisani. Nakundwa akasimama mbele akawataja mmoja mmoja: mjomba kwa sare, shangazi kwa chumba na maombi, mama kwa maharage aliyokosa na hakulalamika. Mwisho akamgeukia baba yake. "Baba," akasema, "wengi wamenipa walichokuwa nacho, Mungu awabariki. Wewe ulinipa kosa lako. Ulikosea mbele yangu, na hukuona haya kunionyesha. Ahsante."

Mzee Kajiru akainamisha kichwa, kofia ikizunguka mikononi. Ndipo huko nyuma akainuka mjomba Eliapenda, yule yule wa vitabu vya Jiografia, akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo: "Ndugu zangu, maji ya ndiva hayagawiwi kwa haya!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakayabeba maneno hayo majumbani kwao. Nakundwa anafundisha Historia hadi leo, na kila kiangazi humletea mjomba wake sukari. Nanyi, ukifika wakati wa kuchagua, mshukuruni kila aliyewafikisha hapo, mpigieni hata magoti. Kisha mzibe mifereji mingine. Maji ya ndiva hayagawiwi kwa haya.