Gunia la Mwisho la Sultani Jabiri

Hapo zamani, chumvi ilipokuwa ikisafiri kuliko watu, palikuwa na Sultani akiitwa Jabiri katika mji wa Kiwamba. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema ili asionewe. Alikuwa mcheshi na mpenda kula, ila akishapata kitu chema mkono wake haukujua kufumbuka. Basi miongoni mwa vitu vyema alivyovipata ni mwendesha gari la maksai aitwaye Vuai.

Vuai hakuwa na shamba wala mbuzi, wala hakuwa na kanzu ya pili. Kazi yake ilikuwa kuchukua chumvi ya Sultani kutoka Kiwamba kwenda milimani, na kurudi na mtama. Safari ilikuwa ya siku kadhaa kwenda na siku kadhaa kurudi, kwa njia yenye mawe ambayo hata kobe angeiomba radhi. Hata siku moja hakupoteza gunia, wala maksai wake hawakupata kidonda cha nira. Na kila alipofika uani kwa Sultani, kabla hajanywa maji, aliyaosha magurudumu yote na kuyafuta kwa kitambaa. Watu wakamcheka, wakasema, "Vuai mjinga, gurudumu litachafuka tena kesho!" Naye akajibu, "Na wewe utapata njaa tena kesho, mbona leo umekula?" Wakazidi kumwita mjinga, na jina likamkaa.

Sasa, siku moja Vuai alifika nyumbani kwake magharibi, magunia mabegani kwa ajili ya kushonwa. Mwanawe Mwanamvua, aliyekuwa ameanza tu kusema maneno yanayoshikamana, akakimbilia jikoni akaita, "Mama! Yule mgeni wa magunia amekuja!"

Mkewe Mize akacheka, kisha akaona uso wa mumewe, akanyamaza. Vuai aliumia. Aliketi kizingitini akamtazama yule mtoto akimtazama, na mtoto, kwa adabu aliyofunzwa, akamkaribisha mgeni maji.

"Mama Mwanamvua," akasema Vuai, "kazi hii naiacha."

"Utakula nini, baba?"

"Bi Mwatime wa kinu cha ufuta anatafuta mtu wa kuzungusha maksai wake na kupeleka mafuta mitaani. Kazi hiyo kila jioni mtu hulala nyumbani kwake."

"Bi Mwatime yule!" akasema Mize. "Yule hamchukui mtu aliyetangazwa. Waijua ada."

Naam, Vuai aliijua. Ada ya Kiwamba ilikuwa hivi: mwendesha gari atakaye kuacha kazi sharti alirudishe gari kwenye ua lilikotoka, likiwa tupu na safi, maksai wakiwa wazima, na mwenye gari atamke mbele ya watu, "Nimepokea, nenda salama." Aliyetamkiwa hivyo akipokewa popote. Lakini aliyeliacha gari likiwa na shehena, hata gunia moja, mpiga mbiu alimtangaza sokoni kuwa mtelekezaji. Na mtelekezaji katika mji ule hakupewa hata kuku wa kumshikia mtu.

Basi kwa nini Vuai asilirudishe gari tupu, akaondoka? Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wa Sultani Jabiri, nami nausimulia polepole maana una mkia mrefu.

Zamani kidogo waendesha magari walikuwa na tabia ya kushusha gunia moja kwa mpenzi huku na gunia moja kwa shemeji kule. Sultani akachoka, akatoa amri: gari likishapandishwa gunia la kwanza la safari, kisishuke kitu chochote mpaka mwisho wa safari hiyo. Amri ilikuwa njema. Lakini Sultani alipotambua Vuai ni mtu wa namna gani, alimwita nokoa wake, msimamizi wa wapakizi, akamnong'oneza, "Gari la huyu lisilale tupu." Ikawa kila Vuai anapofika, wapakizi wanashusha mtama hadi libaki gunia moja, na kabla hilo halijashuka, pu! wanapandisha gunia la chumvi upande wa pili. Safari mpya imeanza. Lile gunia la mtama, kwa amri, haliwezi tena kushuka, na Vuai hana budi kulirudisha milimani lilikotoka. Kila safari gunia moja la mtama lilikwenda mjini likarudi bila kuonja mji. Watu wa milimani walikuwa wakilipokea na kuliambia pole.

Vuai akaenda barazani, akapiga magoti, akasema, "Ee Bwana wangu, nimekutumikia kwa uwezo wangu. Naomba ruhusa niondoke. Nakuarifu mapema ili upate mtu mwingine, nisikuache njiani."

Sultani akatabasamu hadi mashavu yakayafunika macho. "Vuai, nani amekuzuia? Ada i wazi. Siku utakapolirudisha gari langu tupu uani pangu, sitakushika hata kwa ukucha."

Baraza likaangua kicheko, nokoa akicheka kuliko wote kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisimamia lile gunia la chumvi.

"Nashukuru, Bwana wangu," akajibu Vuai kwa upole. "Basi nikirudi na mtama wa mavuno mapya, siku hiyo ndiyo nitakayoondoka."

Tangu hapo habari ikawa mzaha wa mji. Sultani akimwona tu humwuliza, "Vuai, hujaondoka bado?" Naye hujibu, "Bado, Bwana wangu. Mavuno mapya." Waendesha magari wenziwe wakamjia na mashauri. Mmoja akamwambia alitupe gari porini akimbie. Mwingine akamwambia avunje ekseli, ajitie ugonjwa wa tumbo. Vuai akawasikiliza, akawapa tambuu, akasema, "Gari ni la Sultani, lakini jina ni langu. Gari likivunjika litaungwa. Jina langu nani ataliunga?" Wakaondoka wakitikisa vichwa.

Mavuno yakafika. Kila mwaka majira hayo Sultani mwenyewe hupanda milimani kuonja asali na mtama mpya, akichukuliwa kwa machela na wanaume wanane. Mwaka huo asali ilikuwa tamu, Sultani akaionja kwa siku nyingi, na ulipofika wakati wa kurudi wale wanane waliinyanyua machela, wakaishusha, wakatazamana.

Wakati huo Vuai alikuwa amekwisha kushusha chumvi yake, na lile gunia la mtama lililorudi, naye anaosha gari lake kisimani. Kisha akatandika ndani yake mkeka mpya alioufuma Mize. Sultani akamwona.

"Vuai! Mkeka ni wa nani?"

"Ni wa gari, Bwana wangu. Leo naanza safari yangu ya mwisho, nami napenda kurudisha kitu cha watu kikiwa kimependeza."

Sultani akaingiwa na mashaka yaliyochanganyika na raha. Akajiambia, huyu atamwaga mtama wangu njiani, au ana hila, na hila yenyewe nikiikosa nitajuta mwaka mzima. Akawatazama wachukuzi wa machela wakisugua mabega. Akanena, "Basi nitapanda gari lako mimi mwenyewe, nione kwa macho yangu utakavyoondoka."

"Bwana wangu, gari hili si machela. Litakutikisa."

"Litikise! Ni langu."

"Na mtama, Bwana wangu? Vumbi lake huwasha, na mwili wa Sultani..."

"Mtama utasubiri."

Vuai akamsaidia kupanda, akamwekea mto mgongoni, akasimama mbele ya maksai, akapaza sauti kama impasavyo kila mwendesha gari kabla gurudumu halijazunguka: "Shehena ya nani, na yaenda kwa nani?"

Watu wa milimani wakacheka. Sultani naye akacheka, akatunisha kifua, akajibu, "Shehena ni mimi, mali yangu mimi, yaenda kwangu!"

"Mmesikia?" akauliza Vuai.

"Tumesikia!"

Wakaenda. Siku ya kwanza Sultani alikuwa akisimulia visa. Siku ya pili alikuwa akihesabiwa mbavu na kila jiwe, visa vikakatika katikati. Siku ya tatu aliuliza, "Vuai, njia hii huwa hivi siku zote?" Vuai akajibu kwamba sivyo, wakati wa mvua huwa mbaya. Sultani akauliza tena, safari hii bila mzaha, "Nawe waipita tangu lini?" Vuai akamwambia, "Tangu kabla mwanangu hajazaliwa, Bwana wangu. Sasa anaongea. Ananiita mgeni." Sultani akaupanga mto wake upya.

Wakafika Kiwamba karibu na adhuhuri. Uani watu walikuwa wamejaa, kwa kuwa habari ya Vuai kuacha kazi ilikwisha kuenea, na Bi Mwatime mwenyewe alikuwepo, amejitanda buibui lake, macho makali. Wapakizi wakakimbilia gari kwa mazoea, na nokoa akanyanyua gunia la chumvi. Alipochungulia ndani akamkuta Sultani amelala chali.

Sultani akafumbua macho, akaona gunia, akakumbuka mambo yote kwa pamoja. "Haya, nokoa! Pandisha! Gari langu lisilale tupu!"

Nokoa akalitia begani. Vuai hakubishana naye. Aliwageuza maksai polepole, vichwa vikaelekea milimani, akapaza sauti, "Shehena ya nani, na yaenda kwa nani?"

"Ya Sultani, yaenda milimani," akajibu nokoa, maana ndivyo alivyojibu siku zote.

"Mwisho wa safari ni milimani, na gunia la kwanza likipanda hakishuki kitu njiani. Haya, Bwana wangu, jikaze kidogo. Mkeka ungali mpya."

"Ngoja!" Sultani akapiga ukelele. "Nokoa, gunia lako liache hapo hapo begani! Vuai, wewe una wazimu? Unipeleke milimani tena?"

"Ee Bwana wangu, amri ni yako. Gunia la mtama likikutwa ndani chumvi inapopanda, hurudi kwao. Nami nimelirudisha kila safari, sikuwahi kulionea huruma. Leo aliyekutwa ndani ni wewe, na ulikwisha kusema mbele ya watu kwamba wewe ndiwe shehena."

"Na nikiifuta amri hiyo sasa hivi?"

"Ukiifuta, Bwana wangu, lile gunia la mtama lilionewa. Na mimi nilionewa pamoja nalo, na watu hawa wote ni mashahidi."

Nokoa alikuwa na gunia begani na jasho likimtiririka, hawezi kulipandisha wala hajaambiwa alitue. Sultani akakunja mikono. "Basi gunia lisipande, na mimi sishuki. Gari si tupu."

"Vema," akasema Vuai, akachuchumaa kivulini mwa gurudumu. "Shehena haijapokewa, na mwendesha gari haiachi shehena yake. Nitangoja. Sina haraka, Bwana wangu."

Wakangoja. Jua likasimama utosini. Kutoka jikoni kwa Sultani ikaanza kuja harufu ya kuku wa kupaka, ikatangulia ya nazi, ikafuata ya bizari, na mwishowe mkate wa mofa. Tumbo la Sultani likanguruma hata maksai wakageuza masikio. Akajipindua upande mmoja, mbavu zikamwuma. Akajipindua upande wa pili, huko kulikuwa kubaya zaidi. Akamtazama Vuai aliyekuwa akilifuta gurudumu vumbi kwa ncha ya shuka yake, bila kuudhika na mtu.

Hapo Sultani Jabiri akaanza kucheka. Alicheka huku akishika mbavu, akisema "aa!" na "hii!" baina ya kicheko na kicheko, na watu walipomwona anacheka wakapata ruhusa, uwanja mzima ukatikisika. "Nishusheni," akasema. "Nimeshindwa na kuku wangu mwenyewe."

Wakamshusha. Vuai akautoa mkeka, akafagia vumbi la mwisho, akawafungua maksai nira, akaweka fimbo miguuni pa Sultani. Gari likawa tupu, na wapakizi wakaja kulichungulia, maana hawakuwahi kuiona sakafu yake.

Sultani akaokota fimbo. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Nimepokea gari, tupu na safi, na maksai wazima. Nimepokea na shehena, ingawa imechubuka. Nenda salama, Vuai. Na mpiga mbiu atangaze hivyo hivyo, asipunguze neno." Kisha akamgeukia nokoa. "Nawe, tua gunia. Tangu leo gari langu lilale tupu usiku mmoja kila likirudi, na mwendesha gari alale kwake." Nokoa akalitua gunia, akajinyoosha mgongo kwa shida. Inasemekana Sultani alikula chakula cha siku ile akiwa amesimama.

Bi Mwatime akampita Vuai pembeni, akasema bila kusimama, "Kesho asubuhi. Usichelewe, maksai wangu hawapendi watu wa kungojwa."

Vuai akaenda kwake kabla jua halijatua, mkeka kwapani. Mwanamvua alikuwa mlangoni. Akamtazama mabegani, akamtazama nyuma yake, akaita, "Mama, mgeni amekuja, lakini hakuleta magunia!" Kisha akamwuliza yeye mwenyewe, kwa adabu, "Basi umekuja kufanya nini?"

Vuai akautandika mkeka pale kizingitini, akaketi. "Nimekuja kukaa," akasema.

Mtoto akafikiri, akaenda kuleta kata ya maji, akanywa kwanza yeye, ndipo akampa. Mgeni hafanyiwi hivyo, na Vuai akayanywa yote. Mwenye kuitaka hadithi hii aichukue, mimi nimeishusha hapa, na gari langu li tupu.