Gari Likiwa Limesimama

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana waliokuwapo bado wanazozana, palikuwa na gereji mjini Korogwe, na mwenye gereji alikuwa dereva wa mbio, Zuwena Shemahonge. Gari lake lilikuwa jekundu, fupi, lenye nguvu za kumtia mtu kiburi. Kila mwaka alishindana nalo kupanda mlima kutoka Mombo hadi Lushoto, kona juu ya kona, mkono huu ukuta wa mawe, mkono ule bonde.

Mwaka huo gari lilianza kumwasi. Akiingia kona, usukani ulisema hili, nyuma ya gari ikasema lile. Akiachia mafuta, chini kulilia ko! Akikanyaga tena, ko! Zuwena hakuwa mwoga, lakini alijua kwamba gari lenye kauli mbili mwisho wake ni bondeni. Tena fundi wake mkuu alikuwa amehamia Dodoma, na kiti chake ki wazi. Akawaita mafundi watatu waliobaki, akawaambia:

"Mbio ni baada ya wiki tatu. Atakayeniponyea gari hili nikafika juu mzima, tena wa kwanza, ndiye fundi mkuu. Kiti ni kimoja. Sitakikata vipande."

Wa kwanza alikuwa Abedi, mkubwa wao kwa umri, mwenye jicho. Wa pili Hoza, mwenye mkono, aliyekulia katika gereji za malori. Wa tatu Mwanakombo, aliyetoka chuo cha ufundi mwaka uliopita. Na gereji ile ilikuwa na sheria yake. Fundi akikaza nati kwa mara ya mwisho, huipiga mstari wa rangi yake: Abedi mweupe, Hoza wa manjano, Mwanakombo wa kijani. Nati yenye rangi ya mtu haiguswi na mwingine bila ya idhini yake. Hata Zuwena mwenyewe hakuthubutu.

Basi watu wote walisema shokapu. Wauza vipuri walisema shokapu, madereva walisema shokapu. Abedi yeye alijilaza chini ya gari asubuhi nzima, akapenyeza mtaimbo kati ya bodi na krosimemba, ile fremu ndogo ya nyuma inayobeba difu na mikono ya magurudumu, akabinya. Krosimemba ikacheza kama jino bovu.

"Dada Zuwena, njoo uone. Shokapu zi nzima, zina afya. Zilizokufa ni bushi, raba hizi zilizovikwa chuma. Nne za krosimemba zimepasuka, na nane za mikono zimekuwa mkate uliolowa chai. Gari lako halijaasi. Halina linapojishikilia."

Bushi mpya zikaagizwa. Siku bushi hizo zilipofika, Abedi akapata habari kwamba mama mkwe wake amefariki Handeni. Kabla ya kuondoka aliandika ukutani kwa chaki: BOLTI ZA MIKONO ZIKAZWE GARI LIKIWA LIMESIMAMA.

Kazi ikamwangukia Hoza. Siku ya kwanza alizimwagia bolti mafuta, hazikutoka. Siku ya pili akazichoma moto, hazikutoka. Siku ya tatu akazikata kwa msumeno wa mkono, na zikatoka. Akajitengenezea presi kwa jeki ya lori, akazishindilia bushi mpya moja baada ya moja, kila moja na upande wake, isipinde hata unywele. Mwanakombo akitaka kushika spana, Hoza alimwambia, "Shika taa, dada, mengine tuachie wenyewe." Mwisho akasoma maandishi ya ukutani, akalitazama gari lililokuwa juu ya stendi, magurudumu yakining'inia, akakaza, akapiga mistari yake ya manjano.

Gari liliposhushwa, nyuma ilibaki juu kuliko zamani kwa vidole viwili.

"Limenenepa," alisema Hoza. "Limepata daktari."

Siku ya mbio, pale Mombo, Zuwena alitoka katika kikao cha madereva akaona miguu ya Mwanakombo chini ya gari lake. Magurudumu yote manne yalikuwa yamepandishwa juu ya mbao nene. Zuwena akachungulia. Juu ya kila mstari wa manjano wa mikono palikuwa na mstari wa kijani, rangi haijakauka.

"Umefanya nini?"

"Nimezilegeza zote nane, nikazikaza upya gari likiwa limejikalia kwa uzito wake. Hoza alizikaza magurudumu yakining'inia. Raba ilishikwa hivyo, na gari lilipokanyaga chini ikajisokota. Isingefika nusu ya mlima."

"Hoza amekupa idhini?"

"Hoza yuko kwenye supu."

Zuwena alitazama nyuma ya gari. Ilikuwa imeshuka vidole viwili, mahali pake pa zamani. Akavaa kofia yake, akaingia, akafunga mkanda.

Na gari likapanda! Kona ya kwanza usukani ulisema, na nyuma ikaitikia. Kona ya kumi ikaitikia. Hapakulia ko. Lilimfuata kama ushungi unavyomfuata mwenye kichwa, naye alicheka peke yake ndani ya kofia, bonde likipita dirishani kama jambo lisilomhusu. Akafika juu mzima, tena wa kwanza, akimzidi wa pili kwa sekunde tisa.

Hapo Lushoto, habari ya mistari ya kijani ikiwa imekwisha kuenea, watatu wakamzunguka, Abedi akiwa ametoka Handeni moja kwa moja, kanzu ya msibani ingali mwilini.

"Kiti ni changu," alisema Abedi. "Bila jicho langu mngenunua shokapu mpaka leo. Na njia ya kukaza niliiandika ukutani."

"Uliandika limesimama!" Hoza akamaka. "Nikalitazama gari. Linakwenda? Haliendi. Injini imezimwa. Basi limesimama! Ulitaka nilipigie filimbi?"

"Kusimama ni kwa miguu, Hoza! Aliyening'inia mtini utasema amesimama?"

"Na basi la Arusha likisimama stendi, huwa limening'inia wapi? Kaka Abedi, bushi za malori ni za shaba, zinazunguka tu, zikaze upendavyo. Hizi za raba zina siri, nawe siri yake uliifunga katika neno moja ukaenda zako. Bolti nilizikata mimi. Bushi nilizitia mimi, na mlimani hakuna hata moja iliyohama. Kiti ni changu."

Mwanakombo akasema taratibu, "Kama si mimi, zingekuwa zimechanika, na Dada Zuwena tungekuwa tunamtafuta bondeni. Nimevunja sheria ya rangi, najua. Nimeivunja kwa ajili ya roho ya mtu."

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Zuwena.

Mwanakombo akainamisha macho. "Tangu alipokuwa akikaza. Mimi ndiye niliyeshika taa."

"Ukanyamaza!" Hoza akapiga makofi.

"Uliniambia nikuachieni wenyewe. Nikakuachieni. Siku nne nzima nilisubiri uniulize. Hukuniuliza."

Zuwena aliwatazama mmoja mmoja. Jicho la Abedi lilimwokoa, na neno lake likakaribia kumuua. Mkono wa Hoza ulimjengea gari, na mkono huohuo ukalisokota. Ujuzi wa Mwanakombo ulimfikisha juu, baada ya kukaa siku nne umefungiwa kinywani. Ahadi ilikuwa imetoka, na kiti hakikatwi vipande.

Basi enyi mnaosikiliza, mmemsikia aliyeona, mmemsikia aliyetenda, mmemsikia aliyetengua. Zuwena yu papo hapo, kofia mkononi, anangoja mseme. Je, nani kati yao alistahili kiti?