Rili ya Mkono wa Kulia

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, wa nyuma wasikie bila mimi kupasua koo. Tuna dakika chache kabla ya kukimiwa swala, na nataka kuwapa mfano. Ni mfano tu, msitoke hapa mkaanza kuulizana huyo ni mtoto wa nani.

Kulikuwa na mzee mmoja katika mji wa pwani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashua ya hoteli, akiwapeleka wageni kuvua. Msifikirie uvuvi wenu wa nyavu na madema. Wageni wale walikuwa na uvuvi wao wa kujitakia taabu: mtu anasimama kwenye maji ya magoti, anarusha ndoana iliyovishwa manyoya, akimpata samaki anampiga picha, kisha anamwachia aende zake. Mnacheka. Mzee naye alicheka mwanzoni, lakini mchezo ule ulimwingia. Alipostaafu, mgeni mmoja akamwachia fimbo yake ya kuvulia pamoja na rili, kile kigurudumu cha chuma kinachoviringishiwa mshipi. Tangu siku hiyo, maji yakipwa, mzee yuko nje na kikoi chake amekikunja juu ya magoti, anarusha. Ila samaki wake yeye alikuwa haendi kokote isipokuwa jikoni.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni. Mwaka wa nne wa kukaa kwake huko, mzee akamwambia kwenye simu kwamba rili imeshikana, chumvi imeila breki, haizunguki tena.

"Usijali, baba," mtoto akasema. "Nitakununulia mpya, na nitakuletea mwenyewe."

Kijana huyu hakuwa mtoto mbaya. Nataka mlishike hilo, maana wengi wetu tuliokaa hapa si watoto wabaya. Ahadi yake aliichukua kwa uzito. Alinunua daftari, akaanza kuuliza wavuvi wa kule, akaingia maduka, akasoma. Akajua kwamba rili ya ziwani haifai baharini. Akajua kwamba kolekole akishika ndoana anakimbia mbali, kwa hiyo rili lazima iwe pana, ibebe mshipi mrefu, na breki yake iwe ya kumchosha samaki taratibu bila kukata mshipi. Akajua kwamba breki hiyo inatakiwa izibwe kabisa, maji ya chumvi yasipate hata tundu la sindano. Yote aliyaandika.

Sasa sikilizeni simu zao. Sisi watu wa pwani tunajijua. Ukimuuliza mtu hujambo, atakwambia sijambo, na huku ameamka na homa. Ukimuuliza habari za nyumbani, atakwambia njema. Ndiyo adabu yetu, jibu la kwanza huwa zuri, na la pili vivyo hivyo. Habari yenyewe huja ukiuliza mara ya tatu, halafu ukanyamaza ukangoja. Wazee wetu walikuwa wakiamkiana njiani robo saa nzima, nasi tukiwaona watu wasio na kazi. Kijana wetu alikuwa na kazi. Aliuliza mara moja, akajibiwa Alhamdulillahi, akarukia rili.

"Baba, kuna zinazolia zikizunguka na kuna za kimya. Unataka ipi?"

"Yoyote tu, mwanangu. Wewe utakuja lini?"

"Si yoyote, baba. Ile ya kwanza chumvi imeiua kwa sababu ilikuwa yoyote. Nikishaipata iliyo sawa, nakuja nayo."

Simu ya mzee ilikuwa ile ya vitufe, ya tochi, haina picha. Miezi ikapita. Siku moja mzee akasema, taratibu, kama mtu anayepapasa mlango gizani, "Mkono wangu siku hizi mzito, mwanangu."

Nani kati yenu angesikia nini hapo? Kijana alisikia. Alichukua kalamu, akasema, "Umefanya vizuri kuniambia, baba. Basi nitatafuta nyepesi." Akaandika kwenye daftari: iwe nyepesi. Akapiga mstari chini yake.

Mwaka wa sita akaipata. Alisimama dukani akaizungusha, haina mlio, haina mchezo, ukiiweka kiganjani ni nyepesi kama kikombe kitupu. Mwenye duka akamuuliza, "Mzee wako anazungusha kwa mkono gani? Maana lazima niifunge kwa mkono wake."

Kijana akamwona baba yake kama alivyomwacha, ndani ya maji, kolekole anakimbia, mzee anahamishia fimbo kushoto na mkono wa kulia unazunguka kwa nguvu. "Kulia," akasema.

"Una hakika?"

"Baba yangu huyo," akajibu, na kidogo alichukia kuulizwa.

Akapata ruhusa ya siku chache, akakata tiketi ya kwenda na kurudi, akafika nyumbani Alhamisi asubuhi. Dada yake, aliyekuwa akikaa na mzee, akampokea mzigo, na alionekana ana neno lakini hakulisema. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti barazani. Kijana akapiga goti, akauchukua mkono wa kulia wa baba yake aubusu, kama alivyofundishwa tangu utoto. Mkono ukaja. Lakini haukumshika. Ulikuwa baridi, na alipouachia ulianguka mapajani ukalala palepale ulipoangukia.

Kilikuwa kiharusi, kilichompata mwaka wa pili wa kutafutwa ile rili. Mzee alikuwa amewakataza watu wa nyumbani, mtoto yuko ugenini, asitiwe wasiwasi.

Kijana akafungua boksi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mzee akaipokea rili kwa mkono wa kushoto, akaipima, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Nzuri," akasema. "Nyepesi kweli."

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mkono mzito. Ukasema utatafuta nyepesi."

Alisema bila kulaumu, ndugu zangu, na hapo ndipo palipouma. Kijana akaanza kulia huku anaongea harakaharaka. "Inageuzwa, baba. Nitaigeuza leo hii, uzungushe kwa kushoto."

"Nikizungusha kwa kushoto, fimbo nitaishika na nini?"

Kisha mzee akapata wazo, na uso wake ukachangamka. "Lakini wawili tunaweza. Mimi nishike fimbo, wewe uzungushe. Wiki ijayo ni bamvua, maji yatatoka mpaka mbali, tutasimama pazuri. Wewe unaondoka lini?"

"Jumapili, baba."

Mzee akairudisha rili ndani ya boksi lake, akafunika kifuniko kwa kidole gumba. "Si neno, mwanangu," akasema.

Ndugu zangu, yule kijana alijua breki inavyozibwa, akajua upana, uzito na mlio. Miaka miwili alichagua rili, na siku ile dukani aliulizwa habari za mkono akajibu kwa mkono wa miaka sita nyuma. Sisi je? Mimi na wewe tunawajua vipi wazee wetu, kama walivyo leo, au kama tulivyowaacha siku tuliyopanda basi? Tunatuma vitu, na tunavichagua kwa uangalifu hasa, na tukisikia Alhamdulillahi ya kwanza tunashukuru kwamba maongezi yamekwisha. Mzazi hatakulazimisha usikie. Atakubishia hodi mara moja, kwa adabu, na ukimjibu habari za rili, atazungumza nawe habari za rili mpaka mwisho.

Muulizeni mtu mara ya tatu. Mkishauliza, nyamazeni. Na mwenye uwezo wa kwenda, aende mikono mitupu kama hana kitu, lakini asikate tiketi ya kurudi Jumapili.

Msidhani nawasema ninyi. Mwaka jana nilimpelekea mama yangu jiko la gesi la mafiga manne. Nilizunguka nalo mji mzima nikitafuta lisiloshika kutu. Mama yangu ni mjane, wajukuu wote wameshahama, anapikia mtu mmoja. Hilo nililijua juzi, nilipokaa naye tukala. Mwenyezi Mungu atusamehe, na awape wazee wetu umri wa kutungoja. Haya, nyoosheni safu.